Tiketi ya Marehemu

SEHEMU YA SABA

Felista aliusoma ujumbe mara ya pili, kidole kikiwa juu ya kioo cha simu ya mumewe.

"Ndugu FRANSISKO MKUDE, pointi 386,400 zimetumika. Tiketi yako ya ndege, Dar es Salaam kwenda Istanbul, Jumapili, imethibitishwa. Ahsante kwa kusafiri na Kadi ya Kipanga."

Fransisko Mkude alikuwa amezikwa siku kumi na mbili zilizopita, nyuma ya nyumba hii hii ya Mkuyuni, katikati ya midalasini aliyoipanda kwa mkono wake.

Maiti hakati tiketi.

Nyote mlioniandikia wiki nzima kwamba mmeshamjua mwizi, wekeni kalamu chini. Ujumbe ule ulikuwa na mstari mmoja zaidi, chini kabisa, ambao Felista hakuwa ameufikia. Aliusogeza kwa kidole gumba.

"Abiria: FELISTA LUKWELE."

Jina lake mwenyewe.

Aliyeanza kusoma leo ajue haya tu. Fransisko alikuwa mfanyabiashara wa viungo. Alinunua mdalasini, karafuu na pilipili manga kwa wakulima wa Uluguru na kuuza Dubai. Benki ilimpa kadi ya wasafiri wakubwa, ile wanayoiita Kipanga, na yeye aliipenda kuliko saa yake. Kila alichonunua alilipia kwa kadi ile, na kila malipo yalimwongezea pointi za kusafiria. Kisha akafa. Alikuwa anatoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, amepanda gari la kukodi aina ya Noah, likapinduka Mikese, muda mfupi tu kabla ya kufika mjini Morogoro.

Na kwa kuwa tiketi yake ya ndege ililipiwa kwa kadi, bima ya ajali ya kadi ilimhesabu bado yumo safarini mpaka afike mlangoni kwake. Shilingi milioni mia mbili. Mnufaika wa kwanza: mkewe Felista. Mnufaika wa pili: mdogo wake, Gervas.

Sasa twende.

"Simu ya mwanangu inalia nini?" Mama Skolastika, mama mkwe wake Felista, aliuliza kutoka mkekani. Alikuwa amejifunga khanga mbili na macho yake hayakuwa na tone la usingizi wala la huruma.

"Hakuna kitu, mama."

"Hakuna kitu na umebadilika rangi? Gervas! Chukua simu hiyo usome."

Gervas hakungoja kuambiwa tena. Aliikwapua mkononi mwa shemeji yake, akasimama katikati ya baraza, akasoma kwa sauti kama msomaji wa somo la kwanza kanisani.

"Istanbul ndiyo wapi?" mjomba mmoja aliuliza.

"Uturuki, mjomba. Kwa ndege. Jumapili hii hii, siku ya misa ya kumwombea marehemu. Sisi tutakuwa tumepiga magoti, mwenzetu atakuwa anakula kuku mawinguni."

"Si mimi!" Felista alisimama. "Sijakata tiketi yoyote. Mimi sina hata pasipoti!"

"Pasipoti inatengenezwa wiki moja," Gervas alisema. "Wewe ulishaanza na tiketi."

Minong'ono ikapanda. Shangazi mmoja akapiga makofi ya mshangao. Mwingine akatema mate pembeni.

Gervas akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa kijitabu cheusi chenye picha ya ndege kipanga. Kijitabu cha masharti ya Kadi ya Kipanga. Alikifungua bila kutafuta.

"Sikilizeni. Sharti la thelathini na moja. 'Pointi haziuzwi wala hazirithiwi. Mnufaika atakayetumia kadi, pointi au huduma yoyote baada ya kifo cha mwenye kadi atapoteza haki yake ya bima, na haki hiyo itahamia kwa mnufaika anayefuata.'" Akakifunga. "Anayefuata ni mimi. Sijalitunga mimi sharti hili. Ni la benki."

Felista hakuyasikia maneno ya mwisho. Alikuwa akikitazama kile kijitabu. Ukurasa ule ulikuwa umekunjwa pembe, na mistari yake imepakwa rangi ya njano.

Ujumbe uliingia dakika tano zilizopita. Kijitabu kilikunjwa lini?

"Shemeji," alisema polepole, "masharti ya kadi unayatembeza mfukoni matangani tangu siku gani?"

Gervas alikirudisha kijitabu mfukoni haraka. Mama yake ndiye aliyemwokoa.

"Unamhoji mwanangu? Nyumbani kwangu?" Mama Skolastika aliinuka. "Mmoja umemla, sasa unataka na huyu? Toka! Toka kabla sijakumwagia uji wa moto!"

"Mama, naomba unisikilize..."

"Usiniite mama. Mimi sijakuzaa. Pesa ya Fransisko ni jasho la mtoto wangu, na sisi Waluguru ukoo ni wa mama, mali hurudi tumboni ilikotoka. Wanao ni wa ukoo wako, nawe ukiipata unakwenda nayo kwenu. Toka!"

Mkoba wa Felista ulirushwa uani. Ukafuata viatu. Binti yake mkubwa, Irene, wa miaka kumi na minne, alikimbia kumwokotea, lakini bibi yake alimshika mkono akamrudisha, yeye na mdogo wake.

"Watoto wanabaki. Matanga ya baba yao hayajaisha."

"Mama!" Irene alilia.

"Kaa na mdogo wako," Felista alimwambia. "Ninarudi leo leo. Umenisikia? Leo leo."

Gervas alimsindikiza mpaka barabarani, kwa heshima ya kuonyesha watu. Walipofika mbali na masikio ya ukoo, sura ilimbadilika.

"Usijisumbue kwenda mjini. Saa nane nitakuwa benki na mama. Fomu inataka mzazi athibitishe mimi ni ndugu wa damu. Akishasema, nasaini. Basi."

"Gervas, wana wa kaka yako wamo hapo ndani. Watasoma kwa pesa gani?"

"Wana mama yao," alisema, akacheka. "Aende akauze mdalasini."

Ilikuwa saa tano kasoro.

Felista hakulia. Aliyemwona asubuhi ile atakwambia hivyo. Alisimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita, akamwambia dereva neno moja: "Mjini." Na alipoulizwa watapatana bei gani, alivua pete ya ndoa, akaiweka mfukoni ili isimchomoke kwenye makorongo, akasema, "Bei yako wewe. Endesha."

Saa sita na robo, vumbi jekundu kichwani mpaka nyusi, aliingia benki.

Afisa wa kadi aliitwa Happiness. Sare ya bluu, kucha ndefu, na uso wa mtu aliyefundishwa kutabasamu lakini leo hajisikii.

"Pole na msiba, mama. Lakini faili lako limefungwa."

"Limefungwa na nani?"

"Na mfumo. Saa nne na dakika kumi asubuhi ulitumia pointi za marehemu. Mfumo ukaona cheti cha kifo tunacho na pointi zinatembea. Ukafunga wenyewe."

"Sikutumia."

"Umetumia, mama. Wewe ni mwenye kadi ya nyongeza kwenye akaunti yake. Ulipiga simu huduma kwa wateja, ukataja jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Vyote sahihi."

Namba ya kitambulisho. Siku ya pili ya msiba alimkabidhi Gervas bahasha yenye karatasi zake zote, ili ashughulikie kibali cha mazishi. Bahasha haikurudi mpaka leo.

"Nataka kuisikia hiyo simu."

"Haiwezekani. Mazungumzo ya mteja ni siri."

"Siri ya mteja gani?"

"Ya aliyepiga."

"Na aliyepiga ni nani?"

"Si ni wewe!"

"Basi kama ni mimi," Felista aliinama juu ya kaunta, "nipe nisikie sauti yangu. Utamficha mtu siri yake mwenyewe? Na kama unaogopa kunipa kwa sababu huenda si mimi, basi dada yangu umefunga faili la mtu asiyehusika. Chagua moja."

Happiness alimtazama. Kucha ziligonga meza mara mbili. Nyuma, foleni ilikuwa imeanza kusikiliza.

"Ingia ofisini," alisema hatimaye. "Na funga mlango."

Sauti ilitoka kwenye spika ndogo ya kompyuta, ikikwaruza.

"Huduma kwa wateja wa Kipanga, habari za asubuhi?"

"Nzuri mwanangu. Mimi ndiye Felista. Felista Lukwele. Mke wa Fransisko."

Felista aliisogelea spika.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, yenye lafudhi ya milimani, inayoburuta kila mwisho wa neno. Kwa mbali alisikika mwanamume akinong'ona namba, na yule mzee akizirudia moja moja, kama mtoto anayekaririshwa.

"Ukithibitisha, mama, pointi hazirudi."

"Zitumike zote, mwanangu. Zote."

Happiness alisimamisha rekodi. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Huyu ana miaka zaidi ya sabini."

"Sabini na nne," Felista alisema. "Ni mama mkwe wangu. Mbele za watu hajui hata kupokea simu, mpaka mtu ampokelee."

"Na anayemnong'oneza?"

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa, saa nane bado haijafika.

"Nilijua nitakukuta," Gervas alisema. Nyuma yake alisimama Mama Skolastika, ameshika mkoba wake kifuani kwa mikono miwili. "Dada, samahani, huyu mama amechanganyikiwa na msiba. Sisi tumekuja kusaini. Mnufaika wa pili."

"Kaa chini," Happiness alisema. Tabasamu la kazini lilikuwa limekufa kabisa. "Na wewe mama, shikamoo. Kaa."

"Marahaba."

Happiness aligeuza spika, akaanzisha rekodi upya:

Mimi ndiye Felista. Felista Lukwele.

Mama Skolastika alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye mashine. Mkoba ulimtoka mikononi. Alitazama ukuta.

Ndugu msomaji, Gervas hakushtuka. Hapo ndipo utakapomjua mtu huyu. Alikunja mguu juu ya mguu, akasema kwa utulivu, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni udanganyifu," Happiness alijibu. "Anayejifanya mteja anashitakiwa polisi. Faili la huyu dada linafunguliwa leo hii. Inatakiwa hati ya malalamiko, asaini yeye aliyeibiwa jina, ataje jina la mwenye sauti."

"Jina la mwenye sauti," Gervas alirudia, akimgeukia Felista. "Umesikia, shemeji? Sauti ya kwenye simu si yangu. Ni ya mama. Saini basi. Mpeleke rumande bibi wa watoto wako, ana presha, hajamaliza matanga ya mwanawe. Halafu urudi Mkuyuni uwaambie."

Mzee aliuacha ukuta, akamgeukia Gervas.

"Uliniambia ni maneno tu," Mama Skolastika alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Uliniambia nikishayasema, pesa ya Fransisko inabaki nyumbani."

"Nyamaza, mama."

"Hukuniambia polisi."

"Nimesema nyamaza!"

Ndiyo mara ya kwanza Felista kumsikia Gervas akimkaripia mama yake. Na mama yake naye ilikuwa mara ya kwanza. Alikunja midomo kama aliyepigwa kofi.

Happiness alisukuma karatasi mbele ya Felista. Akaweka kalamu juu yake.

Ilikuwa rahisi. Mstari mmoja. Skolastika Mkude. Mwanamke aliyemrushia viatu uani asubuhi hii, aliyewashika watoto wake mikono, aliyemwita mla watu mbele ya ukoo. Felista alimtazama yule mzee, akatafuta huruma moyoni mwake, hakuikuta. Alichokuta ni hasira tupu, tena ya kutosha watu wawili. Lakini ilimjia pia kwamba Gervas ameipanga hasira hiyo. Aliijua itakuja. Alimweka mama yake mbele kama gunia la mchanga, ili risasi ikija impate yeye.

"Mama," alisema, "sema mbele ya huyu dada nani alikuwa anakunong'oneza."

"Sitakujibu wewe," Mama Skolastika alisema.

"Mama, nitasaini."

"Saini. Nimekuzuia? Bora nife rumande kuliko nimtaje mwanangu kwako."

Gervas alicheka kwa pua.

Felista aliichukua kalamu.

"Subiri kidogo," Happiness alisema. Alikuwa ameinamia kompyuta. "Kwenye hati natakiwa kuorodhesha simu zote zilizopigwa kwa akaunti hii mwezi huu. Nilidhani ni moja tu. Ziko mbili."

"Nyingine ni ya lini?"

"Tarehe tisa. Saa tisa alasiri."

Kalamu ilisimama. Tarehe tisa ndiyo siku aliyokufa Fransisko.

"Aliyepiga anasema ni marehemu mwenyewe," Happiness aliendelea kusoma. "Aliomba kufuta gari."

"Gari gani?"

"Hukujua? Mwenye Kipanga akitua Dar es Salaam anapokelewa na gari letu bure, na dereva wetu, mpaka nyumbani, hata Morogoro. Marehemu alilitumia kila safari. Siku hiyo lilifutwa."

Felista alikumbuka swali alilomuuliza kila aliyekuja kumpa pole, na hakuna aliyemjibu: kwa nini siku ile mume wangu alipanda Noah mbovu?

"Ndege yake ilitua saa kumi na dakika ishirini," alisema. "Mimi nilikuwa naisubiri. Saa tisa alikuwa angani. Angepigaje?"

Gervas alishusha mguu.

"Hayo hayahusiani na fomu yangu," alisema. "Dada, mimi nina haraka."

"Mimi sina," Happiness alisema, akabonyeza.

"...ndiyo, Fransisko Mkude hapa. Lile gari la leo msilitume. Mimi nimeshapata usafiri. Ndugu yangu amenitafutia Noah. Sawa? Msitume mtu kabisa."

Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, iliyojikaza kuwa nzito zaidi. Mtu wa simu asiyemjua Fransisko angeamini. Felista hakuwa na hakika. Aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Bado hakuwa na hakika, na Gervas alishaanza kusema kuwa huyo ni kaka yake waziwazi, kwamba labda saa ya kompyuta imekosewa.

"Iache hiyo," Mama Skolastika alisema.

Wote wakamgeukia. Mzee alikuwa amesimama, ameegemea meza, uso umekaribia spika kama anayenusa.

"Fransisko alikuwa akisema 'sawa' anaikata," alisema. "Tangu mdogo. Huyo anaivuta." Aligeuka taratibu, akamtazama mwanawe aliyebaki. "Gervas. Hiyo ni sauti yako."

"Mama, umechoka."

"Nimekuzaa mimi. Nimekulea mgongoni. Hiyo ni sauti yako! Ulimfanyia nini kaka yako?"

Gervas alitazama mlango. Alimtazama mama yake. Kisha akampiga kumbo yule bibi wa miaka sabini na minne, bibi akaangukia kabati la mafaili, na kabla Happiness hajafikia kengele ya ulinzi, Gervas alikuwa ameshapita kaunta, foleni na mlinzi. Pikapu yake iliunguruma nje, ikaondoka kwa kelele za matairi.

Felista alimwinua mama mkwe wake. Damu ilikuwa ikimtoka juu ya jicho. Yule mzee alimsukuma mkono.

"Usinishike," alisema. "Saini karatasi yako. Kwenye mstari huo usiandike jina langu. Andika la kwake. Nitakuwa shahidi."

Felista aliandika: Gervas Mkude. Akasaini.

Happiness alikuwa bado anaongea na polisi kwenye simu ya mezani, na mlinzi ameshaleta pamba na maji, simu ya Felista ilipoita. Ilikuwa namba ya jirani wa Mkuyuni. Alipokea.

"Mama?" Ilikuwa Irene, anahema, kama aliyekimbia. "Mama, baba mdogo amepiga simu sasa hivi kwa mjomba wake. Amesema tufunge nguo zetu, mimi na mdogo wangu, anakuja kutuchukua atupeleke mbali."

Felista alielekea mlangoni, simu sikioni.

"Irene, usitoke humo kwa jirani. Umenisikia? Usiende naye popote!"

"Lakini mama," mtoto alisema, "amesema wewe ndiye umemtuma."